Daraja la North Blenheim lina somo kwa walimu wetu

Neno "daraja" lina utajiri wa maana katika Kiswahili. Ni kivukio kiunganishacho ng'ambo mbili za mto. Ni kidato cha ngazi. Ni cheo cha mtu kazini. Na kwa mwanafunzi anayesubiri matokeo ya mtihani, ni lile fungu ambamo alama zake zitatiwa. Tulilipata kutoka Kiarabu, na maana zote hizo zina kiini kimoja: mahali pa kukanyaga ili mtu afike pengine. Tuna pia neno "ulalo", yaani gogo la mti lililolazwa juu ya mto ili watu wapite. Ulalo ni wa dharura, ilhali daraja hujengwa lidumu. Anayelaza gogo anafikiria safari yake ya leo. Anayejenga daraja anawafikiria pia wale watakaovuka baada yake.

Katika makala haya ninakusudia kuwasimulia walimu na wanafunzi habari za daraja moja la mbao lililo mbali na kwetu, na kijiji kidogo kilichokataa kulisahau. Ni habari za ujenzi na mafuriko, lakini mimi ni mwalimu wa isimu, na nimeona ndani yake jambo linalogusa kazi yetu sote tunaofundisha.

Kijiji chenyewe huitwa North Blenheim. Kimo katika kaunti ya Schoharie, jimbo la New York, nchini Marekani. Msomaji asikichanganye na jiji la New York lenye majumba yafikayo mawinguni. Hapa ni mashambani, penye bonde, vilima na mto uitwao Schoharie. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta watu wasiofika 400 katika eneo zima la Blenheim, ambalo kijiji hiki ni sehemu yake. Hapa kwetu shule nyingi za msingi zina wanafunzi wengi kuliko hao. Hata hivyo, kwa miaka mingi wapenzi wa ujenzi wa kale walisafiri kutoka mbali hadi kijijini humo kwa sababu ya kitu kimoja tu: daraja lenye paa.

Mwanafunzi wangu mmoja aliposikia habari hizi aliuliza swali ambalo naamini msomaji analo pia: daraja la nini liezekwe kama nyumba? Wapo wanaosema kwamba lilikuwa kimbilio la wasafiri wakati wa theluji, na wengine kwamba kuta zake ziliwazuia farasi wasione maji wakashtuka. Huenda faida hizo zilikuwapo, lakini sababu hasa ni ya kiseremala. Nguvu ya daraja la mbao imo katika kiunzi chake, yaani ile mihimili na mataruma yaliyounganishwa kwa ustadi pande zake. Maji ya mvua yakipenya katika maungio ya mbao hizo, kuoza huanzia hapo hapo. Daraja lisilo na paa katika nchi yenye mvua na theluji huweza kuharibika kwa miaka kumi au zaidi kidogo, ilhali lenye paa na kuta huweza kupita karne. Paa likichakaa huezuliwa na kuezekwa jingine kwa gharama ndogo. Kiunzi kikioza daraja limekwisha. Kwa hiyo paa na kuta ni nguo tu, na kiunzi ndicho mwili unaovishwa. Mkulima wa kwetu anayeezeka ghala lake kabla ya masika anaielewa hekima hiyo.

Wamarekani walianza kuyaezeka madaraja yao mapema katika karne ya kumi na tisa. Daraja lililofunguliwa mwaka 1805 huko Philadelphia, juu ya mto Schuylkill, ndilo huhesabiwa kuwa la kwanza nchini humo kuezekwa. Baada ya hapo mafundi walishindana kubuni viunzi na kuviandikisha serikalini ili haki zao zilindwe. Theodore Burr alitumia tao, Ithiel Town alisuka mbao kama kimia mwaka 1820, naye Stephen Long akaandikisha kiunzi chake mwaka 1830. Misitu ilikuwa karibu, chuma kilikuwa ghali, na seremala wa kijijini aliweza kuifuata michoro hiyo kwa patasi na nyundo.

Daraja la North Blenheim lilijengwa mwaka 1855 na fundi aitwaye Nicholas Powers, mzaliwa wa jimbo la Vermont. Alitumia kiunzi cha Long, akaongeza tao kubwa katikati. Daraja lilikuwa na njia mbili sambamba, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, jambo lililokuwa adimu. Lakini lililowastaajabisha watu zaidi ni kwamba liliuvuka mto kwa mruko mmoja wa futi 210, yaani takriban mita 64, bila nguzo hata moja majini. Mwalimu akitaka wanafunzi wake waupate picha urefu huo, na awaambie wautazame uwanja wa kandanda kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Mbao tupu ziliuruka upana huo na kubeba magari ya farasi na mizigo yao, na wapitao walilipa ushuru.

Wenyeji husimulia kwamba Powers alikiunganisha kiunzi kwanza nchi kavu, kisha akakifungua kipande kwa kipande na kukiunda upya juu ya mto, huku watu wakimcheka. Husimulia pia kwamba siku ya kuondoa magogo ya muda yaliyolishikilia daraja, fundi huyo alikwea akaketi juu kabisa, akaning'iniza miguu na kusema kwamba likianguka ataanguka nalo. Hii ni hadithi ya kijiji, na hadithi za kijiji hupata chumvi kila zisimuliwapo. Lakini hata chumvi ina ushahidi wake. Watu hawatungi hadithi kuhusu kitu wasichokithamini.

Zama zikabadilika. Farasi wakaipisha motokaa, na mwaka 1931 daraja la chuma likachukua kazi ya kubeba magari. Kwa kawaida hapo ndipo madaraja ya kale hubomolewa mbao zake zikawa kuni. Wakuu wa kaunti ya Schoharie waliamua vingine: daraja la zamani libaki kama kumbukumbu, livukwe kwa miguu. Mwaka 1964 serikali kuu ya Marekani ikalitia katika orodha ya alama za kihistoria za taifa. Kijiji cha watu wachache kikawa na kitu kinachotambuliwa na nchi nzima. Maji ya kifuu, bahari ya chungu, walisema wahenga, na kwa kijiji hicho daraja lilikuwa bahari.

Mto Schoharie, hata hivyo, si mto wa kuchezewa. Tarehe 5 Aprili 1987, baada ya mvua kubwa na kuyeyuka kwa theluji, daraja la barabara kuu lililouvuka mto huo huo chini zaidi liliporomoka, na watu kumi wakafa. Daraja hilo lilikuwa la chuma na saruji, na lilikuwa limetumika tangu mwaka 1954 tu. Wachunguzi walikuta kwamba maji yalikuwa yameuchimba na kuuzoa udongo chini ya misingi ya nguzo zake. Daraja la Powers, lenye umri wa miaka 132 wakati huo, lilibaki limesimama. Lakini tusikimbilie kusema kwamba vya kale ni bora kuliko vya sasa. Sababu ni nyepesi kuliko hiyo: daraja la mbao halikuwa na nguzo mtoni, kwa hiyo maji hayakuwa na msingi wa kuuchimba katikati ya mkondo. Udhaifu wake ulikuwa mwingine. Lilikuwa salama maadamu maji yasingefika kimo cha sakafu yake.

Jumapili tarehe 28 Agosti 2011 maji yalifika kimo hicho. Mabaki ya tufani iliyoitwa Irene yalimwaga mvua isiyo kifani katika vilima vya eneo hilo. Juu ya kijiji kuna bwawa la Gilboa, linalohifadhi maji ya kutumiwa na jiji la New York, na ving'ora vililia kuwaonya wakazi wakimbie kwa hofu ya bwawa kupasuka. Bwawa lilishikilia, daraja halikuweza. Mto uliling'oa kwenye misingi yake na kulivunja vipande vipande. Daraja lililoishi miaka 156 lilitoweka katika siku moja.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo, kwa maana kisa kingeweza kuishia hapo. Watu wa bonde hilo walikuwa na nyumba za kujenga upya na mashamba ya kusafisha. Daraja lenyewe halikuwa limepitisha gari kwa miaka themanini. Shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa lilikataa kwanza kutoa fedha za kulijenga. Wenyeji na kaunti yao hawakukubali. Walikata rufani, wakabishana kwa miaka kadhaa, mwishowe wakakubaliwa. Mwaka 2018 daraja jipya lenye paa lilikamilika mahali pale pale, kwa muundo ule ule, ila limeinuliwa juu zaidi ili mto usilifikie kwa urahisi.

Je, hilo ni daraja lile lile? Serikali ya Marekani kwa upande mmoja imesema la: daraja la Blenheim limeondolewa katika orodha ya alama za kihistoria za taifa, kwa sababu kilichotukuzwa mwaka 1964 kilikuwa mbao zilizochongwa na mikono ya mwaka 1855, na mbao hizo hazipo tena. Kwa upande wa pili, mwanakijiji anayelivuka leo halivuki kama mgeni. Lina jina lile, umbo lile na mahali pale.

Mimi nadhani pande zote mbili zina haki, na somo langu linanisaidia kueleza kwa nini. Hakuna mtu aliye hai leo aliyekizungumza Kiswahili cha mwaka 1855. Vinywa vyote vya wakati huo vimenyamaza. Maneno mengi yamekufa, mengine yamezaliwa, na matamshi yamesogea. Hata hivyo hatusemi kwamba Kiswahili cha leo ni lugha nyingine, kwa kuwa kiunzi kimerithishwa: ngeli zake, viambishi vyake, jinsi kitenzi kinavyojengwa. Lugha hudumu kwa kupokezwa, wala si kwa kuhifadhiwa sandukuni. Wenye orodha wanasema kweli kuhusu mbao. Wanakijiji nao wanasema kweli kuhusu daraja. Lakini tusijidanganye: alama za patasi ya Powers hazitarudi, na hakuna mfano, uwe mzuri vipi, utakaozirudisha.

Najua liko pingamizi kubwa zaidi, nami nalisikia hata kabla halijatamkwa. Mwalimu aliyeko mashambani atauliza: Watoto wangu wanavuka mto kwa ulalo uliooza wakati wa masika, wewe unanisimulia mamilioni ya dola yaliyomwagwa kwenye daraja lisilopitisha gari? Hiyo ni anasa ya walioshiba! Pingamizi hili ni la haki, na silipuuzi. Kama fedha ni za daraja moja tu, na zijenge lile litakalomfikisha mtoto shuleni akiwa hai. Sisemi tuwaige Wamarekani kwa matumizi yao. Ninachotaka tukitazame hakikuhitaji mamilioni, nacho kilifanyika miaka mingi kabla ya mafuriko.

Mwaka 1933, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, serikali ya Marekani iliwaajiri wachoraji wa majengo waliokuwa hawana kazi, ikawatuma kote nchini kupima, kuchora na kupiga picha majengo ya kale. Daraja la North Blenheim lilikuwa miongoni mwa yaliyoandikwa katika mradi huo. Waliolijenga upya hawakuanza na karatasi tupu wala na kumbukumbu za wazee pekee. Vipimo vya daraja vilikuwa salama katika hifadhi, mbali na mto. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga wetu, na naona methali hiyo haijapata ufafanuzi bora kuliko huu. Mto ulichukua mali. Daftari ndilo lililoirudisha.

Sasa tujiulize sisi. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilizoa madaraja na nyumba katika sehemu nyingi za Kenya. Mafuriko ya mwaka 2024 yakafanya hivyo tena. Ni vingapi kati ya vilivyozolewa vilikuwa vimepimwa au kuchorwa na mtu yeyote? Na mafuriko si ya maji peke yake. Wayaaku, walioishi katika msitu wa Mukogodo huko Laikipia, waliiacha lugha yao katika karne ya ishirini na kuzungumza Kimaasai. Miaka ya 1970 mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine alichapisha maelezo ya lugha hiyo kutoka kwa wachache waliokuwa wakiijua. Miaka ya 2000 Wayaaku wenyewe walipoanza juhudi za kuifufua, wazee wachache waliosalia na maandishi ya namna hiyo vilikuwa miongoni mwa tegemeo lao. Kuandika si sawa na kufufua. Kazi hiyo ni ngumu na haijakamilika. Lakini pasipo maandishi wala wazee, kusingekuwa na hata mahali pa kuanzia.

Liko jambo moja zaidi ambalo mtu wa isimu hawezi kulipita. Daraja lilijengeka tena pia kwa sababu bado wapo maseremala wanaojua kuunda kiunzi cha mbao, na wanaojua jina la kila ubao na kila kiungo. Kitu cha ufundi hakiwi mbao tu. Kina msamiati wake. Ghala la mahindi la babu zetu lilikuwa na jina la miguu yake, la mlango wake, la kamba iliyofungia, la namna ya kusuka fito. Ghala likiondoka kijijini, majina hayo hukaa kinywani mwa wazee kwa kizazi kimoja, kisha huenda nao kaburini. Ndipo tunapobaki kusema "kile kitu" na "hiki kitu", tukidhani kwamba lugha zetu ni fukara, kumbe ni sisi tuliozifukarisha.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu, wa shule za msingi na za upili. Haligharimu zaidi ya daftari, kalamu na kamba ya kupimia. Chagueni kitu kimoja cha kale katika eneo la shule yenu: daraja, kisima, ghala, mashua, zizi au nyumba ya zamani. Mwalimu wa hisabati awaongoze wanafunzi kukipima. Mwalimu wa sanaa awaongoze kukichora, kutoka mbele, ubavuni na juu. Mwalimu wa lugha awatume kwa wazee wakaulize kila sehemu huitwaje, kwa lugha ya mama na kwa Kiswahili, na kazi yake ni ipi. Kila mzee atakayesaidia atajwe kwa heshima yake. Kisha nakala moja ibaki shuleni, na nyingine ipelekwe maktaba au mahali pengine palipo mbali, kwa kuwa daftari lililowekwa karibu na mto huzama pamoja na daraja.

Na wewe mwanafunzi, usingoje mwalimu. Simu iliyomo mfukoni mwa ndugu yako inaweza kupiga picha na kurekodi sauti kuliko vyombo vyote vya wachoraji wale wa 1933. Muulize nyanya yako leo jina la kile kijiti cha kusongea, na cha kufungia mlango, na cha kusukia mkeka. Andika. Huenda ukadhani ni mambo madogo yasiyo na mtihani.

Watu wa North Blenheim hawakuwa wengi wala hawakuwa na nguvu kuushinda mto. Walilipoteza daraja lao kama yeyote kati yetu angelipoteza. Tofauti yao ni kwamba, maji yalipopungua, walijua kwa hakika walichokuwa wamepoteza: urefu wake, upana wake, umbo la tao lake na jinsi mbao zake zilivyoshikana. Sisi nasi tuna vingi ambavyo mto haujavifikia bado. Vingali vinapimika, na wanaojua majina yake wangali hai.